Sanduku Halisafiri na Hewa

Ijumaa iliyopita, tulipokuwa tumekaa kando ya maegesho kule Mesaimeer, penye makanisa ya Doha, baada ya ibada, sahani za pilau magotini, mmoja wenu aliniuliza swali. Ni yule kijana wa hoteli mwenye miwani. Simtaji jina asije akachekwa.

"Mzee Mwakio, wewe umekaa na hawa watu miaka mingi. Ati kati ya Ufilipino na Nepali, nani yuko juu? Pesa, maisha, ustaarabu, yote."

Mwenzake akamdakia kabla sijameza. "Wafilipino wako mbele, hiyo iko wazi. Si unaona vile wanavaa?"

Mkacheka, basi la kampuni likapiga honi, mkapanda. Swali likabaki na mimi kama sahani chafu.

Nimelifikiria wiki nzima. Sikusoma uchumi. Nimefunga mizigo Industrial Area miaka kumi na tisa, na mwezi huu nimevua fulana ya kazi kwa mara ya mwisho. Kitambulisho changu, bataka kama tunavyoiita hapa, kitafutwa siku nitakayopita uwanja wa ndege kurudi Wundanyi. Yote ninayojua kuhusu nchi hizo mbili niliyajua kwa kutia mikono ndani ya masanduku ya watu. Nikaona ni heri niwaandikie, maana basi lenu halisubiri na mimi siku hizi nasema polepole. Nitawajibu kwa habari ya sanduku moja, lile ambalo nusura niharibu nalo harusi ya binti wa rafiki yangu.

*

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa chuma wa kukunja, katikati ya duka la magurudumu na karakana ya madirisha ya alumini. Ndani kulikuwa na mizani, rundo la maboksi bapa, na harufu ya seloteipu ambayo mpaka leo nikiisikia popote nanyoosha mgongo kama askari. Tulikuwa watatu. Msimamizi wa ufungaji alikuwa Ate Lorna, Mfilipino; ate kwao ni dada mkubwa, na hata mudiri wetu, meneja aliyekuwa na umri wa kumzidi, alimwita hivyo. Dereva wa lori alikuwa Dil Bahadur kutoka Nepali. Mimi nilimwita dai, yaani kaka mkubwa, naye akaniita bhai. Tulizungumza Kiingereza kilichokatika mguu, Kiarabu cha sokoni na Kihindi cha kambini, vyote katika sentensi moja. Hapa nawaandikia kwa Kiswahili ili mambo yaende.

Siku yangu ya kwanza nilifunga sanduku nikaona nimefunga. Ate Lorna akaja, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akachomeka kidole cha shahada pembeni, kati ya ukuta wa boksi na vitu. Kidole kikazama hadi kifundo cha pili.

"Hapa kuna nini?" akaniuliza.

"Hakuna kitu, Ate."

"Kuna hewa. Mteja amelipa ili upeleke hewa Manila? Manila hawana hewa?" Akalipindua lote sakafuni. "Sanduku halisafiri na hewa. Anza upya."

Nililipanga mara nne siku ile. Lakini nikajifunza. Vitu vizito chini na kwenye pembe, vyepesi katikati. Shampuu unafungua kifuniko, unaweka kipande cha nailoni mdomoni, unafunga tena, kisha unaivika fulana. Kiatu hakisafiri kitupu. Unakivisha soksi ndani, na ndani ya soksi unatia sabuni. Chokoleti usiikubali kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, hata mteja akulilie, maana kontena likikaa juani bandarini huwa tanuri. Seloteipu unaipitisha katikati, halafu kwenye kingo mbili, ikae kama herufi H. Na kona ikibaki wazi kabisa, unaiziba kwa kopo. Ate Lorna alikuwa na rafu yake ya makopo ya nyama ya ng'ombe, aliyoyanunua kwa jumla na kuwauzia wateja waliopungukiwa, na alituambia hakuna Mfilipino aliyewahi kukasirika kukuta kopo asilolitarajia. Nikawa nayaita mawe ya kona. Kumbukeni mawe hayo.

*

Sasa nchi zenyewe.

Ufilipino ni visiwa, kwa hiyo sanduku la kule hupanda meli, na meli haijali uzito. Mteja hulipia ukubwa. Ulijaze manyoya, ulijaze nyundo, bei ni ile ile. Ndiyo maana Mfilipino huwa na sanduku wazi chini ya kitanda miezi mitatu, minne, akitupia kidogo kidogo: leo sabuni mbili, kesho taulo, keshokutwa kahawa. Siku ya kulifunga anakuja na orodha ya majina. Huyu ni shangazi, huyu binamu, huyu jirani aliyetuazima ngazi, huyu mwalimu wa chekechea. Orodha moja niliihesabu, ikawa na watu thelathini na wanne, na mwenye sanduku alikuwa msichana wa kusafisha vyumba asiyemfikia Lorna begani.

Kutoka kwenye orodha hizo niliijua nchi. Nchi yenye shule, maana barua zilizopachikwa juu ya vifurushi zilikuwa na mwandiko mzuri. Nchi yenye maduka makubwa kuliko ya Nairobi, maana Ate Lorna aliniambia kila kitu tulichofunga kilipatikana kule mtaani kwao.

"Sasa mnatuma ya nini?" nikamuuliza.

"Sabuni ya dukani inanukia sabuni," akasema. "Ya sandukuni inanukia mtu."

Na ilikuwa nchi ya vimbunga. Kila mwaka msimu ukifika orodha zilibadilika. Shampuu zilitoka, zikaingia tochi, viatu vya mpira, maturubali. Siku hizo Ate Lorna hakuimba. Kwa kawaida yeye na wenzake walianza nyimbo za Krismasi mwezi wa tisa, joto la Doha likiwa bado linachemsha usukani.

Nepali haina bahari. Iko katikati ya majitu mawili, India na Uchina, na sanduku likipita melini lazima lishukie bandari ya watu wengine, lipande lori, lipite mpaka, lipande milima. Kwa hiyo la Mnepali hupanda ndege, na ndege hupima kwa kilo. Yeye haji na orodha ya majirani. Anakuja na blanketi. Blanketi zito la maua mekundu, moja kwa kila mzazi, na simu, na labda saa ya ukutani. Analiweka kwenye mizani, anatazama namba, anatoa kitu kimoja, anatazama tena. Niliwaona wanaume wenye mikono kama koleo wakisimama mbele ya mizani wakiwa wameshika sweta la mtoto, wakipima kama liende au libaki.

Nilipoanza, walituma taa za jua na betri, kwa kuwa kwao umeme ulikatika kwa zamu, saa nyingi kila siku. Miaka ikapita, taa zikapungua, kisha zikakoma. Sikusoma gazeti lolote. Nilijua tu kwamba huko milimani kuna mtu amebonyeza swichi na taa ikawaka. Hivyo ndivyo mnavyoweza kuona nchi ikipanda, kwa kile ambacho watu wake wameacha kukituma.

Kuhusu mishahara, nitasema moja tu. Kazi ikiwa moja, pasipoti mbili zilikuwa na bei mbili. Wafilipino walikuja na karatasi za serikali yao zilizotaja kiwango ambacho mtu wao hashuki chini yake. Wanepali wa siku zile walikuja na baraka za mama. Na sisi? Msiringe. Sisi tulikuja na baraka za mama na sare ya kwaya.

*

Hao wawili walibishana kila siku, na ubishi wao ndio uliokuwa redio ya lori letu.

"Nchi nzima haina bahari?" Ate Lorna angeanza. "Hata kidogo? Hata ya kuoshea miguu?"

"Tuna mito, didi." Didi kwao ni dada mkubwa, kila mtu alimpandisha cheo yule mama.

"Mto si bahari."

"Na nyinyi mlima wenu mnaupanda na viatu vya kanisani, sivyo? Huo si mlima. Ni ngazi."

"Dengu na wali asubuhi, dengu na wali jioni. Hamna mawazo mengine nyinyi?"

"Krismasi mwezi wa tisa. Hamna subira nyinyi?"

Kisha wangenigeukia mimi niamue. Niliwaambia kwetu Taita tuna milima na tunaiona bahari kwa mbali siku ikiwa safi, kwa hiyo tumewazidi wote wawili. Waliungana kunizomea. Nawaambia, hakuna kilichowapatanisha Wafilipino na Wanepali kama Mkenya kujisifu.

Nilifanya makosa mengi ya ugeni mle ndani. Mwaka wa kwanza, mwezi wa saba, tukiwa njiani kurudi kutoka Al Khor na koo limenikauka, nilichukua chupa ya maji ya Dil dai nikaitia mdomoni nikanywa. Alisimama dukani, akanunua chupa nyingine, ile ya kwanza akanisukumia. "Hii yako sasa, bhai." Nikaona, mtu mkarimu namna gani! Kesho yake nikanywa tena kwenye chupa yake, akanunua nyingine. Nilipofikisha chupa nne, Ate Lorna ndiye aliyenionea huruma. "Mtazame anavyokunywa," akaninong'oneza. Nikatazama. Dil dai aliinua chupa juu ya uso, akamimina maji kinywani kama bomba, midomo isiguse. Kilichoguswa na mdomo wa mmoja, kwao, mwingine hakigusi.

Nilikwenda kumwomba radhi nikiwa nimebeba chupa zote nne. Akacheka mpaka akashika usukani. Lakini nilijifunza jambo siku ile, na laiti ningelishika vizuri: Dil dai ukimkosea hasemi. Ananunua chupa nyingine.

*

Sasa harusi.

Binti yake mkubwa alikuwa ameposwa na familia ya bonde la pili kutoka kwao, watu wa dini sana, wenye bibi mzaa baba ambaye, kwa maelezo ya Dil, aliweza kusikia harufu ya kitunguu kwenye pumzi ya mtu aliyesimama ng'ambo ya mto. Zawadi kutoka kwa baba wa bibi harusi zingefunguliwa mbele ya bibi huyo na ukoo wote wa bwana harusi. Dil dai aliomba ruhusa aende. Mudiri akasema lori lina dereva mmoja, na msimu wa mizigo haujaisha. Miaka mitatu alikuwa hajakanyaga kwao. Basi sanduku lingekwenda badala yake.

"Nitakaa ndani ya lile blanketi," alituambia, akitabasamu upande mmoja.

Aliviandaa vitu vyake jioni moja: blanketi jekundu, sari nyekundu yenye uzi wa dhahabu, shali, vitenge vya mama mkwe, saa ya bwana harusi. Kulipokucha alitakiwa kupeleka mzigo mbali, na mtu wa ndege angepita saa sita mchana kuchukua vya wiki.

"Bhai, nifungie," aliniambia akiwa tayari kwenye usukani. "Lifunge kama ungefunga la binti yako."

Naam. Nililifunga kama la binti yangu. Blanketi chini, sari katikati ya karatasi laini, shali juu. Nikachomeka kidole pembeni. Kikazama. Kwenye kona moja palikuwa na nafasi kubwa, ya kuingia vichwa viwili vya watoto. Sikujua kwamba Dil alikuwa ameweka hapo seti ya masufuria, akaliweka sanduku kwenye mizani, akasoma namba, akayatoa masufuria akawagawia watu wa chumbani kwake. Mimi niliona kona tupu kwenye sanduku la harusi. Tulikuwa tumetoka tu kufunga masanduku ya Krismasi ya Wafilipino, mamia, wiki nane mfululizo. Mkono wangu ulikwenda kwenye rafu bila kuniuliza. Makopo sita. Yakakaa pale kama yaliyozaliwa pale. Kilo zilizoongezeka nikazilipia mwenyewe, iwe zawadi ya mjomba wa Kenya. Nikachomeka kidole tena, kikakataa. Nikapiga H ya seloteipu. Nakumbuka nilipiga mluzi.

Mnaweza kusema, Mzee, hukujua kwamba ng'ombe kwa Mhindu ni mama? Nilijua! Miaka saba nilikuwa nimekula meza moja na Dil dai, nikimwona akipitisha sahani ya nyama bila kuitazama. Lakini mkono uliozoea haufikirii ng'ombe. Unafikiria kona. Hili ndilo naomba mlichukue kutoka kwangu, hata mkiacha mengine: ufundi ukikuingia sana mkononi, siku moja utakufanyia kazi wewe ukiwa hupo.

*

Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa tulikuwa Mesaimeer, Ate Lorna upande wa Wakatoliki, mimi kwa Waanglikana, na baada ya ibada tukakutana nje kama kawaida. Hewa ya mwezi wa kumi na moja ilikuwa imepoa. Akafungua bakuli lake, akanipa mkate.

Niliuma mara moja. Nikaacha kutafuna.

"Una nini?" akasema. "Umeuma ulimi?"

"Ate, hii ni nini?"

"Nyama ya kopo. Umeanza kuchagua chakula?"

Nikamweleza. Mkate uliokuwa mkononi mwake ukashuka taratibu mpaka kwenye paja. Kisha akasema, "Mangapi?"

"Sita."

Akafanya ishara ya msalaba.

Masanduku yale hayakuwa yameruka bado. Mtu wa ndege alikuwa ameahirisha hadi Jumamosi asubuhi, na yote yalikuwa ofisini nyuma ya mlango wa chuma. Ate Lorna alikuwa na ufunguo. Tulipanda teksi bila hata kubishana bei. Tulipofika akafungua mlango nusu, tukaingia tumeinama kama wezi, na lile sanduku lilikuwa pale mbele, jina la Kathmandu kwa mwandiko wangu mkubwa wa kujidai.

Akanipa kisu cha kukatia.

"Kata, toa, funga," akasema. "Dakika kumi. Yeye hatajua, binti hatajua, yule bibi wa ng'ambo ya mto hatajua."

Vijana, nilikiweka kisu juu ya seloteipu. Nisiwadanganye. Dakika kumi, na maisha yangeendelea, na mimi ningebaki na rafiki yangu. Tulikuwa na sheria moja pale, kwamba sanduku lililofungwa halifunguliwi bila mwenyewe kuwepo, lakini si sheria iliyonizuia. Sheria za ofisi tulikwisha kuzikunja mara nyingi. Nilikumbuka chupa nne. Kilichoguswa kimeguswa. Yale makopo yalikuwa yamelalia shali ya bibi harusi usiku kucha. Kuyatoa kwangu kungeninawisha mimi mikono, na yeye angepeleka kwa wakwe kitu ambacho, kama angejua, asingekipeleka.

Nikakirudisha kisu. Nikapiga simu.

"Dai, njoo ofisini. Nimekosea kwenye sanduku lako."

*

Alifika kwa basi, nywele mbichi, alikuwa akifua. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Hakukatiza. Nilipomaliza aliuliza neno moja.

"Umefungua?"

"Sijafungua."

Akakunja mikono ya shati. Akachukua kisu, akapiga magoti, akaikata mwenyewe ile H yangu. Akayatoa makopo kwa kutumia gazeti, moja moja, akayapanga sakafuni, mbali. Kisha akakaa chini na kushika kichwa.

"Wangelirudisha sanduku," akasema. "Na siku ya pili wangemrudisha yeye."

Mimi niliokota vipande vya seloteipu. Ni Ate Lorna aliyeuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Kwenu, kitu kikiguswa hivi, ndiyo basi? Hakuna dawa?"

"Ipo. Maji ya dhahabu." Akatuonyesha kwa mikono: unatia dhahabu ndani ya maji, unayanyunyiza, kitu kinakuwa safi. "Lakini dhahabu ya binti niliituma na binamu yangu wiki iliyopita. Sina hata punje."

Ate Lorna alikuwa ameshaanza kuvuta pete yake ya ndoa. Haikutoka. Mumewe alikuwa baharia, na alimvisha pete hiyo Lorna akiwa bado na vidole vya msichana. Akaenda kwenye sinki, akamimina sabuni ya vyombo, akavuta, akalaani kwa Kitagalogi, akamwomba radhi Bikira Maria, akavuta tena. Mimi nikashika kiwiko, Dil dai akasahau huzuni yake akaanza kutoa maelekezo kama anayerudisha lori nyuma. "Kushoto, didi. Kushoto kidogo." Pete ikaruka, ikagonga mizani, ikazunguka chini. Mizani ikasoma sifuri.

Akaiosha, akamkabidhi, kisha akasita. "Imebarikiwa na padri. Haitaharibu?"

"Dhahabu ni dhahabu, didi."

Dil dai akatoka nje. Pale ambapo mashine ya baridi ilidondosha maji ukutani palikuwa na nyasi kidogo, za kijani pekee katika mtaa mzima wa chuma na vumbi. Aling'oa majani machache. Akatia pete katika kikombe cha bati chenye maji, akachovya zile nyasi, akanyunyizia blanketi, sari, shali, vitenge, saa, akisema maneno ambayo sikuyaelewa. Ate Lorna aliinamisha kichwa. Mimi pia. Kisha Dil dai akanigeukia na kuninyunyizia mikono. Viganja vyote viwili, mbele na nyuma. Hakutabasamu, lakini alifanya taratibu, kama mtu anayesafisha chombo anachokusudia kukitumia tena.

Tulipoanza kufunga, ile kona ikabaki wazi. Ate Lorna akachukua taulo jipya.

"Kilo, didi," Dil dai akasema. "Acha."

"Linabeba hewa!"

"Ni hewa ya Doha. Haina uzito. Waache waione."

Yule mama akalipanga akiwa ametazama pembeni. Alipomaliza akachomeka kidole kwa mazoea. Kikazama, na mkono nyuma yake mpaka saa ya mkononi. Akauchomoa. Makopo sita tuliyala sisi wawili wiki nzima.

*

Harusi ilifanyika. Dil dai alituonyesha picha kwenye simu, tukiwa watatu tumebanana mbele ya lori: bibi harusi mwekundu kuanzia utosi, na nyuma yake, juu ya lile blanketi, bibi mmoja mdogo aliyekunjamana, amekaa kama amemilikishwa nchi. Mkewe alikuwa ameuliza swali moja tu kwa simu. Kwa nini kona moja ya sanduku ilikuwa tupu? Hapo palikuwa na nini?

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nilimwambia hapo palikuwa na mimi."

Mwaka uliofuata mudiri alimpa likizo ya miezi miwili. Aliporudi tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege kwa lori lake mwenyewe, Ate Lorna akiendesha vibaya. Dil dai alitoka akisukuma kitoroli, na juu yake lilikuwa lile sanduku. Lile lile, limekunjamana pembe, mwandiko wangu wa kujidai bado uko ubavuni, limefungwa kamba ya katani juu ya seloteipu. Alilibeba mpaka ofisini, akaliweka sakafuni mbele yetu.

"Mke wangu amelifunga. Ni lenu."

Akakata kamba. Kulikuwa na mchele uliopondwa, mboga kavu zilizochachuka zenye harufu ya kuamsha maiti, achari ya pilipili ndani ya chupa iliyozibwa nailoni mdomoni, nami sijui nani alimfundisha. Bangili nyekundu za Ate Lorna zilikuwa ndani ya soksi, na soksi ndani ya kiatu. Yangu ilikuwa kofia ya nguo ya kwao, imejazwa karanga ili isibonyee.

Lakini kabla hatujatoa hata kimoja, Ate Lorna alikuwa amevaa miwani yake. Akainama, akachagua ile kona, akasukuma kidole pembeni.

Hakikuingia. Akajaribu upande wa pili, akajaribu kwa kidole kidogo. Hakikuingia. Akabaki ameinama hapo muda mrefu kuliko kazi ya ukaguzi inavyohitaji, na aliposimama alisema mashine ya baridi inarusha vumbi.

Mmeniuliza nani yuko juu. Ate Lorna alikwisha kurudi kwao, ana duka la uji na kelele za wajukuu. Dil dai yuko kwake, anaendesha basi dogo kwenye barabara ambayo, anasema, mimi ningefumba macho. Sanduku langu liko hapa mlangoni. Nalo linakwenda kwa ndege, kwa kilo, nimetoa vitu na kurudisha tangu Jumatatu, na kuna kona moja inanisumbua. Njooni Ijumaa kabla basi lenu halijapiga honi. Yule mwenye miwani atangulie, alitie kidole, aniambie.